Mida, Sokoke au mlango wa Sabaki: ukiwa Malindi, ufuate njia ipi?

Malindi ina ufuo, na wageni wengi, hata sisi wenyeji, huishia hapo hapo. Lakini kwa mwendo usiofika saa moja kutoka mjini, kwa matatu na kipande cha bodaboda, kuna njia tatu za miguu zinazokuingiza kwenye makao ya ndege na wanyama ambao wengine hawapatikani kwingine duniani. Ya kwanza ni ujia wa mbao unaopita kati ya mikoko ya hori ya Mida, mkono wa bahari unaoingia nchi kavu karibu na Watamu. Ya pili ni vijia vya msitu wa Arabuko-Sokoke, ukianzia kituo cha Gede. Ya tatu ni matembezi ya kando ya mto Sabaki, kaskazini ya mji, hadi mto unapomwagika baharini.

Mwenye siku tatu aende kote. Walioniuliza hadi nikaandika haya ni wenye siku moja: baba aliyekuja na watoto likizo ya Desemba, mwalimu mwenye basi la shule la kukodi, wanandoa waliotoka Nairobi kwa ajili ya bahari na sasa wanataka kuona kitu kingine. Hifadhi za baharini za Malindi na Watamu, zilizoanzishwa mwaka 1968, nimeziacha kwa makusudi. Huko unakwenda kwa mashua na kuzamisha uso majini, na hilo ni chaguo la namna nyingine.

Nimezipima njia hizi kwa mambo manne: ardhi utakayoikanyaga, utakachokiona na majira yake, sheria za mahali pamoja na sababu zake, na malipo. La sheria ndilo zito kuliko yote kwangu. Watu huchagua mahali kwa picha waliyoiona simuni, kisha wakifika getini ndipo wanapoambiwa wasishuke kwenye mbao, wasipige muziki, wasisogee zaidi ya hapa. Siku huanza kwa mvutano. Ukijua mapema mahali panakudai nini, wewe na watu ulio nao, utachagua pale mtakapoweza kupaheshimu bila kusukumwa, na mtaona mengi zaidi.

Ardhi unayoikanyaga

Njia ya Mida ni fupi kuliko zote. Kutoka barabara kuu ya Malindi–Mombasa unashuka hadi kwenye mikoko, halafu unapanda ujia wa mbao ulioning'inizwa kwa kamba, unaokufikisha kwenye kibanda cha kutazamia ndege ukingoni mwa tope lililo wazi. Mbao huyumba ukitembea. Mtoto wa darasa la pili ataona raha isiyo kifani. Bibi mwenye maumivu ya magoti huenda asiione hivyo. Hewa ya chumvi hula mbao na misumari, kwa hiyo kabla ya kumpeleka mzee au mtu mwenye ulemavu, uliza kwanza hali ya njia ilivyo mwezi huo. Asiyeweza kupita kwenye mbao zinazoyumba anaweza kwenda Dabaso, kwenye mkahawa wa kaa unaoendeshwa na wanakijiji, akaketi juu ya maji na kuitazama hori ile ile.

Sokoke ni msitu mkubwa, kilomita za mraba zipatazo 420, na ndio mkubwa kuliko yote iliyobaki ya aina yake, misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Ardhi ni tambarare na vijia vinatembeka. Palipo na miti iitwayo mirihi utakanyaga mchanga mweupe, na ukiingia ndani zaidi udongo unageuka mwekundu na miti inakuwa mifupi, iliyosongamana. Kivuli kipo lakini upepo wa bahari haufiki, na kufikia saa nne asubuhi joto la humo linamlemea hata mzaliwa wa pwani. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuchagua mzunguko wa saa moja au wa asubuhi nzima.

Sabaki haina njia iliyojengwa. Unashuka karibu na daraja la barabara ya kwenda Mambrui, unapita kijijini na kando ya mashamba, kisha mchanga, tope, mchanga tena. Mdomo wa mto hauketi mahali pamoja. Mafuriko na mawimbi huusogeza, na kijia cha mwaka jana huenda sasa kimo majini. Hakuna mti wa kujisitiri jua. Viatu utavivua na kuvivaa mara kadhaa, na mchanga ulioukanyaga ukienda ndio huo huo utakaoukanyaga ukirudi, wakati huo ukiwa wa moto.

Utakachokiona, na lini

Huwezi kuipanga safari ya Mida bila kujua maji. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa inaweza kuzidi mita 3. Maji yakipwa, tope la Mida hubaki wazi hadi mbali, na ndege nao hutawanyika mbali wakitafuta chakula. Utaona vitone tu. Yakianza kupanda, huwasukuma kidogo kidogo kuelekea kwenye kibanda ulipo. Saa moja au mbili hivi kabla maji hayajajaa kabisa ndiyo saa ya dhahabu. Maji yakishajaa, ndege huondoka kwenda kupumzika kwingine. Siku za bamvua, maji huku kwetu hujaa alasiri, karibu saa kumi. Siku za maji mafu, tofauti hiyo inapokuwa ndogo, hujaa kabla ya adhuhuri. Majedwali ya bandari ya Mombasa yanatosha kukuongoza, ila ndani ya hori maji huchelewa kidogo kwa sababu mlango wake ni mwembamba. Usipokuwa na jedwali, muulize mvuvi yeyote.

Majira yake makubwa ni kuanzia Septemba hadi Aprili mwanzoni, wanapokuwapo ndege wahamiaji. Baadhi yao wametaga na kulea makinda huko Siberia, kwenye nchi ya baridi kali kaskazini kabisa ya dunia, wakaja kula kwenye tope letu. Anayewavuta wengi Mida ni ndege mmoja mweupe na mweusi, mwenye miguu mirefu na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyu huzaa kwenye fukwe za Bara Arabu na pande hizo, na tofauti na jamaa zake wa ufukweni, huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja humo ndani. Kati ya Mei na Agosti ndege hao huwa wachache, lakini mikoko haiendi popote: utaona mkoko uliosimama juu ya mizizi kama magongo, mchu uliochomoza vijiti vyake vya kupumulia kwenye tope, mkandaa, muia, na chini yake kaa dume wenye gando moja kubwa wakilipungia jike.

Sokoke haitegemei maji, inategemea saa. Fika alfajiri. Kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi msitu huwa unazungumza, baada ya hapo unanyamaza hadi jioni. Mnyama ninayemsubiri kila mara ni sange mwenye kiuno cha dhahabu, mdogo, mwenye pua ndefu inayopekua majani makavu kutafuta wadudu. Anaishi pwani ya Kenya tu, na wengi wao wamo katika msitu huu. Mara nyingi utamsikia kabla hujamwona: majani yanalia kwa vishindo vidogo, kisha kiraka cha manjano kinaruka na kupotea. Yupo pia paa nunga, swala mdogo aliye hatarini kutoweka, na bundi wa Sokoke, ambaye ana urefu wa sentimita 16 hivi. Bundi huyu aliingizwa kwenye vitabu vya wanasayansi mwaka 1966, na nje ya msitu huu na maeneo machache ya pwani ya Kenya anajulikana tu kwenye vilima vya chini vya Usambara, Tanzania. Mchana hulala kwenye vichaka vya ile ardhi nyekundu. Bila mwongozaji anayejua tawi lake, unaweza kupita karibu naye kabisa usimwone. Tembo nao wamo, ingawa wengi huishia kuona kinyesi na nyayo.

Jambo la kukubali mapema ukienda Sokoke ni kwamba msitu hauonyeshi mambo yake kwa haraka. Mida na Sabaki ni uwanda wazi, macho yanashiba ndani ya dakika tano. Msituni unaweza kutembea nusu saa usione mnyama, halafu dakika moja ikalipa yote.

Sabaki ina majira mawili. Wakati wa kaskazi wapo wahamiaji kama wa Mida, pamoja na shakwe na buabua wanaotua kwa makundi makubwa kwenye mafungu ya mchanga. Kusi ikiingia, kuanzia Aprili hadi Septemba, huja ndege wadogo wa kahawia wanaoruka kwa wepesi wa mbayuwayu, waliotoka kuzaa Madagascar. Huzagaa kwenye vichuguu vya mchanga na kukamata wadudu hewani. Heroe huonekana pia, miaka mingine wengi, mingine wachache. Na kuna viboko. Watu wengi hawajui kwamba mjini Malindi unaweza kunywa chai asubuhi, na kabla ya saa tatu ukawa unawatazama viboko huku nyuma yao mawimbi ya Bahari ya Hindi yakivunjika. Hilo Mida na Sokoke hazina.

Mvua za bara huiathiri Sabaki kuliko mvua za pwani. Mto huu ndio Athi, unaoanzia nyanda za juu karibu na Nairobi, ukapita Ukambani na Tsavo ukiitwa Galana, ukafika kwetu ukiwa umebeba udongo mwekundu wa mashamba ya watu wa mbali. Malindi jua linaweza kuwa linawaka na mto ukawa umefura. Aprili na Mei, na tena Novemba, ulizia kijijini kabla hujaondoka nyumbani.

Sheria, na kwa nini zipo

Zipo zinazofanana kote. Tangu Juni 5, 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika hifadhi, misitu na fukwe za Kenya: chupa za maji za dukani, vikombe na sahani za plastiki, mirija. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tangu 2017. Kwa hiyo maji yaje kwenye chupa ya kudumu, na mahamri na viazi karai vije kwenye kopo au vimefungwa kwenye kitambaa. Hakuna kuokota: si kombe, si yai, si unyoya, si ua. Droni inahitaji vibali vya serikali, na hata ukiwa navyo, ndege waliotua kwa maelfu huiona kama mwewe. Mbwa abaki nyumbani.

Baada ya hapo kila mahali pana sheria zake, na zinatofautiana kwa sababu kinacholindwa ni tofauti.

Mida kinacholindwa ni chakula na muda. Ndege anayejiandaa kuruka maelfu ya kilomita mwezi Machi au Aprili anahitaji kunenepa, na tope huwa wazi saa chache tu kwa siku. Kila anapotimuliwa hupoteza mara mbili: muda wa kula, na mafuta aliyoyatumia kuruka. Ndiyo maana unatakiwa kubaki kwenye mbao na ndani ya kibanda, kusema kwa sauti ya chini, kutotoa mikono na vitambaa vyenye rangi kali madirishani, na kutoshuka topeni kupiga picha ya karibu. Mtu mmoja akishuka, wote waliokaa kibandani wamekosa. Mbao pia hulinda mikoko: mizizi ya mchu inayochomoza ndiyo pua ya mti, ukiikanyaga mara kwa mara mti hudhoofika. Usirukeruke wala kuyumbisha ujia kwa makusudi, na idadi ya watu wanaoruhusiwa juu ya mbao kwa wakati mmoja ifuatwe hata kama kundi lenu lina haraka. Kumbuka pia kwamba hori ni shamba la watu. Utawakuta wavuvi na wachimba chambo kazini. Waamkie, na uombe ruhusa kabla ya kuwapiga picha. "Shikamoo mzee, twaweza kukupiga picha?" inatosha, na akisema hapana, ni hapana.

Sokoke kinacholindwa ni sakafu ya msitu na utulivu. Wengi hudhani kutoka nje ya kijia ni kosa dogo, maana majani makavu ni majani tu. Lakini sange hujenga kiota chake chini, kwenye lundo la majani hayo hayo, na chakula chake chote kimo humo. Kukanyaga ovyo, kuokota kuni, kuwasha moto, vyote vinamgusa yeye moja kwa moja. Saa za kuingia na kutoka ni za mchana, na unatakiwa uwe umetoka kabla ya saa kumi na mbili jioni, isipokuwa umepanga rasmi matembezi ya usiku na mwongozaji. Hilo linahusu usalama wako, kwa sababu ya tembo. Mkimpata bundi tawini, kaeni alipowaweka mwongozaji, zimeni mwanga wa kamera, tazameni kwa zamu, ondokeni. Na hapa nitasema kwa mkazo: msicheze sauti ya ndege kwenye simu ili kumwita. Ndege hudhani mpinzani ameingia eneo lake, huacha kula au kulea makinda na kuja kupigana na mtu asiyekuwapo. Mwenye kumpenda ndege hamfanyii hivyo kwa ajili ya picha. Vipepeo vilevile haviguswi, ingawa huenda utaona pale Gede wanavijiji wakiuza pupa wa vipepeo (hatua ya mwisho kabla ya kuota mbawa) nchi za nje kupitia mradi wa Kipepeo, ulioanza mwaka 1993. Wale huwafuga kwa ruhusa, na faida yake ndiyo inayowapa sababu ya kuulinda msitu.

Sabaki kinacholindwa kwanza ni wewe, halafu ndege. Hapana geti wala askari wa wanyamapori anayekusubiri, na hilo huwafanya watu waamini hapana sheria. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haiishii kwenye uzio, na kiboko wala haijui. Kiboko akiwa nchi kavu akaona mtu yuko kati yake na maji, hukimbilia maji kwa kupitia alipo mtu huyo. Basi usisimame kati yake na mto, usifuate vijia vyake kwenye matete, usimsogelee mwenye mtoto, na uwe umeondoka jua halijazama, kwa maana usiku ndio hutoka kula majani. Mamba nao wamo, kwa hiyo kuogea mtoni hata palipo shwari hakufai. Upande wa ndege, makundi yaliyotua kwenye fungu la mchanga yazungukwe kwa mbali. Wakianza kunyanyua vichwa wote kwa pamoja, umeshakaribia mno; simama, rudi hatua kadhaa. Vijana wanaopenda kuwakimbiza ili waruke kwa video wafundishwe mapema, nyumbani, kwa sababu pale hakuna atakayewazuia ila mkubwa aliye nao. Na usivuke kwenda kwenye fungu la mchanga maji yakiwa yanapanda. Yatakuzunguka kimya kimya, na mkondo wa mto unaokutana na bahari una nguvu isiyoonekana.

Ukizilinganisha, Mida ina sheria nyingi ndogo zilizo rahisi kushikwa, kwa sababu mbao zenyewe zinakuongoza. Sokoke inadai uvumilivu na kimya kwa muda mrefu. Sabaki inadai utu uzima, maana hapo wewe ndiye geti.

Pesa na mwongozaji

Mida unalipa ada pale pale, kwa kikundi cha wenyeji wanaopatunza, na sehemu ya mapato ya utalii wa hapo imekuwa ikilipia karo za wanafunzi wa sekondari wa vijiji vinavyozunguka hori na msitu, kupitia mpango wa ASSETS wa shirika la A Rocha Kenya. Kwangu hiyo ni sababu tosha ya kutoomba kupunguziwa. Sokoke ni ya serikali, chini ya Huduma ya Wanyamapori (KWS) na Huduma ya Misitu, na malipo ya serikali siku hizi hufanywa kwa eCitizen, mtandao wa huduma za serikali. Beba kitambulisho, maana raia na mkazi hulipa kidogo kuliko mgeni wa nje, na hakikisha simu ina chaji na bando. Sabaki hulipi kiingilio cha hifadhi ya taifa. Unamlipa mwongozaji wa kijijini kwa mapatano. Patana kabla ya kuanza kutembea, na mseme wazi ni kwa mtu au kwa kundi.

Je, mwongozaji ni lazima? Mida unaweza kutazama mwenyewe, ingawa ukiwa naye utajua nani ni nani topeni. Sokoke unaweza kupita kijia kifupi bila kumwona bundi wala sange, ukarudi ukisema msitu ni mtupu. Kwa hiyo mchukue, wale wa chama cha waongozaji wa msitu wanaujua tangu utotoni. Sabaki usiende bila mtu wa kijijini. Yeye ndiye aliyeona jana viboko walikolala na tope lipi linazamisha mguu.

Kwa hali yako

Ukiwa na watoto wadogo, nenda Mida, maji yakiwa yanapanda. Wataona kaa hata kama ndege wote wako mbali, choo na barabara haviko mbali, na ikiwa mmoja ataanza kulia mnaweza kugeuza bila kuharibu siku. Watoto wa miaka kumi na zaidi ambao wameshazoea kunyamaza wakiambiwa wanaiweza Sokoke, mzunguko mfupi wa alfajiri.

Mwalimu mwenye darasa zima: Mida au Sokoke, lakini wagawe. Ishirini wakiwa kwenye mbao au kijiani na mwongozaji, wengine waende kwenye magofu ya Gede au wapewe kazi ya kuandika nje. Kundi la watoto hamsini kwa pamoja haliwezi kushika sheria ya kimya, na si haki kuwakaripia kwa jambo tuliloshindwa kulipanga sisi wakubwa. Sabaki na darasa zima nisingeshauri hata kidogo.

Mwenye wazee au mtu asiyetembea sana, uliza hali ya ujia wa Mida. Jibu likiwa la mashaka, mpeleke Dabaso alasiri na ubaki naye.

Mpenda ndege mwenye darubini, anayekuja kati ya Oktoba na Machi, asichague. Siku za bamvua apange hivi: Sokoke kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, apumzike Gede, kisha awe kibandani Mida kuanzia saa nane alasiri maji yakisukuma ndege. Anayekuja Juni au Julai aanze na Sabaki, ndipo Sokoke. Mida aiweke ya mwisho.

Vijana wenye nguvu wanaotaka uwanda mpana na viboko, Sabaki, asubuhi na mapema siku ya bamvua maji yakiwa yanapwa. Mtafika mdomoni mchanga ukiwa wazi, na mtarudi kijijini kabla ya joto la saa tano. Kofia, maji ya kutosha, na mtu wa kijijini mbele.

Ikiwa kundi lenu linataka spika, nyama choma na kuogelea, hakuna kosa katika hilo, ila hapa si pake. Ufuo wa mji upo, nendeni huko siku hiyo, na njia hizi mziwekee asubuhi nyingine.

Na ukiamka ukute mvua kubwa imenyesha usiku, au umesikia redioni kwamba mto umefurika Tsavo, ifute Sabaki kwenye orodha ya siku hiyo. Mbao za Mida zikilowa huteleza, basi subiri zikauke hadi adhuhuri. Sokoke baada ya mvua ni nzuri sana, vijia vikiwa vimepoa na vyura wameanza kuita, mradi umeuliza getini kama barabara za ndani zinapitika.